Ufa wa Mpole na Jicho la Baba Yako

Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa binti wa mdogo wangu,

Hujambo mwanangu? Natumai kazi ya uuguzi huko inakwenda vizuri na unakula, maana kwenye picha uliyotuma shingo imebaki peke yake. Mimi ni mzima. Magoti yamechoka, mdomo bado.

Baba yako naye hajambo, kwa kiasi cha mtu aliyebaki na lile jicho lake bovu tu. Uliambiwa ni ajali, bahati mbaya. Niliombwa nisiiguse habari hiyo, lakini naigusa.

Unajua kazi yetu: tunamimina mapanga madogo ya injini za ndege kwa mchanganyiko wa titani na alumini. Ni mepesi hata ukiyashika unashangaa, na moto hauyafanyi kitu. Ila yakiwa ya baridi hayataki kugongwa. Ndani yana tabaka nyembamba zilizolaliana, ninazitazama kwa hadubini kutwa nzima, na zikiwa baridi hazijui kupinda. Chuma cha kawaida ukikigonga kinanyooka. Hiki kinapasuka kama sahani.

Sasa huyo mchumba wako mnayemwita Mpole, kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Alipokuwa akipanga vipande vya majaribio kwenye trei ya tanuri, aliona kimoja kimepinda kidogo. Mkono ulishazoea nyundo, akakigonga. Kililia kama kinachopata ufa, amekiri mwenyewe, akajipa moyo na kukitia tanurini pamoja na vingine.

Kikafika kwa baba yako, kwenye mashine ya kuvuta vipande mpaka vikatike, kupima nguvu zake. Na baba yako naye! Miaka yote mimi dada yake mkubwa namwambia asinyanyue kinga ya kioo mashine ikivuta, yeye anataka kusogeza uso aone vizuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye limepasuka jicho. Kipande kilikatika kabla ya kufika nusu ya mzigo uliotakiwa, na kibanzi kikamwingia.

Nilivichukua vile vipande nikaviangalia. Pale palipokatika pengi paling'aa, papya kabisa, lakini kona moja ilikuwa ya buluu na kahawia, imeungua. Kinachokatikia kwenye mashine hakiungui. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya tanuri, na trei ile iliandaliwa na mtu mmoja tu.

Nilimwita stoo. Alilia mpaka kamasi, wala sikumbembeleza. Nikamwambia akamweleze baba yako, na wewe akueleze kabla ya harusi. Akasema, “Shangazi, mzee atanichukia.” Nikamwambia ndiyo, na mimi nimeshaanza.

Hajasema mpaka leo. Kila asubuhi anakuja kumvalisha baba yako viatu, anamshika mkono mpaka kliniki, anamsomea barua zako. Majirani wanasema mkwe wa namna hii hapatikani. Mimi nafunga dirisha.

Jana uvumilivu ukanishinda. Mpole alipotoka kununua dawa, nikamweleza baba yako kila kitu. Nilitaka aumie, sikufichi, halafu amfukuze.

Aliendelea kunywa chai yake. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu Mpole hutetemeka mikono kila anapomfunga bandeji. “Sasa nimfukuze ili iweje, dada? Utanipeleka kliniki wewe na magoti hayo? Mtu wa kulipwa anachoka. Huyu hathubutu kuchoka.”

Nikamuuliza, na binti yako je? Akasema mtoto wa kike lazima ataolewa na mtu, basi bora aolewe na huyu ambaye hawezi kumwacha baba mkwe. Ndiyo maana harusi yenu imeletwa karibu, iwe mwezi ujao. Ulidhani Mpole ana haraka na wewe. Ni baba yako anayetaka ifungwe kabla ile mikono haijaacha kutetemeka.

Mpole hajui kwamba baba yako anajua, na baba yako hataki ajue. Nimekuandikia wewe kwa sababu ndiwe utakayelala kati yao.

Usinijibu kwa machozi, sina pa kuyaweka. Msalimie mjomba wako na mkewe hapo unapokaa, na yule bibi mwenye nyumba aliyekupa blanketi. Mungu akupe akili kuliko aliyotugawia sisi, na akulinde na watu wanaokupenda.

Ukitaka kukataa, kataa mapema. Lakini ujue kwamba Mpole akiondoka, mkono wa kumshika baba yako utakuwa wako, kazi uiache urudi. Baba yako ameshaniomba mimi kwanza nimshike, nimekataa.

Wako akupendaye, hata kama leo hutaamini,

Shangazi