Karatasi ya Mchezaji wa Kumi na Nane

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wote wa hapo nyumbani. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba ile cherehani haikutoi tena machozi. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayaona humu humu. Isome barua hii chumbani, ukiwa peke yako. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani, maana ungeniuliza swali moja tu, nami ningekudanganya kama nilivyozoea tangu utotoni.

Nianze na yaliyo mema. Timu yetu imekua. Unakumbuka ulipokuja kututazama ukacheka mpaka ukashika mbavu, kwa sababu mchezaji akitolewa ilibidi akae chini avue viatu ampe anayeingia? Sasa kila mmoja ana vyake. Kiwanda cha magodoro kimetufadhili, tuna chumba chenye mlango na komeo, tuna kocha wa kweli mwenye filimbi na hasira zake. Wasichana wanapata posho, ingawa hakuna aliyeacha kazi. Mlinda mlango bado anashona viatu, nahodha bado anafundisha hesabu, na saa kumi na moja jioni wanafika mazoezini na uchovu wao. Mimi niliyeanza kwa kufua jezi, leo naitwa meneja. Cheo kimeninogea, sikufichi.

Na binti yako ndiye roho ya timu. Wamempa jina la Kiberiti, kwa kuwa akigusa mpira uwanja unawaka. Ananiita Mama Mdogo mbele ya watu, hata ninapomfokea, na wenzake wote wamemfuata.

Sasa nije kwenye linalonitafuna. Tangu mwezi uliopita, akimaliza mbio za mazoezi anakwenda kushika nguzo ya goli na kuinamisha kichwa. Midomo inampauka. Nikimuuliza anasema ni jua. Siku ya mawingu alisema ni njaa. Jumanne alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, akainuka akisema amejikwaa. Nilikwenda kupatazama pale alipoanguka, palikuwa tambarare kama meza. Kocha akasema wasichana wa siku hizi ni legelege, akapuliza filimbi, wakaendelea. Nilibaki na chupa ya maji mkononi, nikamkumbuka marehemu kaka yetu, aliyeanguka vivyo hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Tuliambiwa siku zake zimefika, tukanyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha si mgonjwa, dada. Ni mimi.

Ili tupande daraja, ligi ilitaka wachezaji kumi na wanane, kila mmoja na karatasi ya daktari. Niliwapeleka wote hospitali, wakapimwa moyo kwa ule mtambo wa kubandika waya kifuani. Majibu yaliletwa kwangu siku mbili kabla ya usajili kufungwa. Kumi na saba yalikuwa safi. La kumi na nane lilikuwa lake, limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba moyo haupigi sawasawa, asicheze mpaka aonwe na daktari bingwa. Nilikaa nalo ofisini mchana kutwa. Unajua fomu za timu nzima huzijaza mimi, kwa kuwa nazijua tarehe za kuzaliwa za kila mmoja, hivyo hakuna aliyeshangaa kuniona nimeinamia makaratasi. Nilitoa nakala ya karatasi ya nahodha, nikabandika jina la binti yako juu yake, nikatoa nakala tena. Ikatoka safi kabisa. Nilijiambia ni ya usajili tu, kwamba nitamweka benchi mpaka aonwe. Mechi ya kwanza tukazidiwa, kocha akamwingiza, akafunga mabao mawili. Toka hapo nani angemweka benchi? Yeye hajui lolote. Anaamini alipimwa akaonekana mzima, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Jumamosi tunacheza na vinara wa ligi. Nikisema, timu itafutwa, na wenzake kumi na saba watarudi kuazimana viatu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, hilo na woga. Jibu lenye wino mwekundu nimeliweka humu ndani. Mpeleke kwa daktari wa moyo kesho asubuhi. Usimwache arudi huku, hata akilia, hata akiapa kwamba ni mzima. Nikishajua yuko mikononi mwako, nitakwenda mwenyewe kwa viongozi wa ligi.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie mama nitakuja siku atakayokuwa tayari kuniona. Sikuombi unisamehe leo.

Barua anakuletea yeye mwenyewe. Nimemdanganya mara moja zaidi, kwamba ni fomu inayotaka saini ya mzazi. Yuko hapa mlangoni, mkoba mgongoni, ananihimiza nifunge bahasha kwa kuwa basi linakaribia kuondoka. Nimemwambia mabasi yapo mengi, asikimbie. Amecheka, amesema Mama Mdogo umeanza kuzeeka.

Mdogo wako.