Mahali Pangu Mtoni

Jumamosi, 7 Januari 1995

Nimetoka mtoni sasa hivi. Trauti mmoja, mdogo, nikamrudisha majini. Sikuenda kwa ajili ya samaki. Hata nikileta, nyumba hii hakuna anayekula. Mke wangu, Mama Chebet, alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyenenepa.

Alikuwa. Sasa hasemi. Tangu kiharusi cha mwaka jana anatoa sauti tu, na macho yake yananifuata kutoka mlangoni hadi dirishani. Wiki nzima ni mimi: kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji, kufua shuka. Ijumaa jioni binti yetu Chebet anakuja kutoka Kapsoit, anaacha nyumba yake na watoto, ili mimi nipate Jumamosi asubuhi. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na sikuwahi kuchoka hivi.

Mtoni hakuna anayeniita. Nakaa kwenye jiwe, pale maji yanapotulia chini ya daraja la miti. Kwingine kiangazi kimebakisha mawe matupu. Samaki wote wamejazana hapo. Nami pia.

Jumamosi, 14 Januari

Mgeni leo. Kariuki, yule mwenye duka la mabati na misumari pale Mogogosiek. Namjua kwa uso tu. Sikujua anavua.

Alishuka na fimbo nzuri ya kununuliwa. Akapaza sauti kutoka juu ya daraja: "Mwalimu! Wanakula?" Sikujibu. Akaingia majini na gambuti zake ndefu za mpira, upande wa juu, karibu kabisa, na matope yote yakaja kwangu. Akarusha uzi mbele ya wangu. Akarusha tena. Halafu akapanda na mto akipiga mluzi, kama mtu asiye na deni kwa yeyote.

Hapa kwetu ukimkuta mtu anavua, unapita mbali nyuma yake, kimya, unaenda kukaa upande maji yanakoelekea. Hata mtoto anajua. Nimekasirika kuliko inavyostahili. Najua hivyo na bado nimekasirika.

Jumatano, 18 Januari

Barafu imeunguza chai yote ya bondeni. Machipukizi ni mekundu kama yaliyopikwa. Hakuna cha kuchuma.

Mama Chebet alikataa uji. Nikaketi naye mpaka ukapoa. Wakati wote huo nilikuwa namfikiria Kariuki na gambuti zake. Aibu. Mtu mzima.

Jumamosi, 21 Januari

Nilishuka mapema, suruali imelowa umande hadi magotini. Alikuwa ameshafika. Amesimama juu ya jiwe lenyewe. "Karibu, Mwalimu!" Ananikaribisha, mimi!

Nikageuka nikarudi. Chebet akashangaa. "Baba, mbona umerudi?" Nikamwambia hakuna samaki. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Njiani nilikutana na Arap Sang, jirani yangu, nikamweleza. Heri ningenyamaza. Aliposikia jina tu, akaanza. "Hawa watu wamechukua soko lote, sasa wanataka na mto. Si umwambie arudi kwao?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Siku hizi maneno hayo yanasemwa kirahisi, kama salamu. Na si zamani tulipoona moshi wa nyumba zilizochomwa ng'ambo ya vilima, na watu waliofukuzwa wakipita barabarani na magodoro vichwani.

Jumapili, 29 Januari

Naandika kwa taabu. Jicho moja limefungwa bandeji.

Jana Kariuki alikuwa kwenye jiwe tena. Nilikuwa sijalala, Mama Chebet alikuwa na homa. Nilishuka moja kwa moja hadi mgongoni pake. Sikukohoa. Sikuita. Nilitaka kumtoa pale, hata kwa mkono. Wakati huohuo akarudisha fimbo nyuma ili arushe. Ndoano ikanishika juu ya shavu, chini kidogo ya jicho. Akavuta kabla hajajua. Nikapiga kelele kama mbuzi.

Akageuka, akaiangusha fimbo. "Usiguse! Usiguse, Mwalimu!" Akakata uzi kwa meno. Akanishika mkono kama kipofu, tukapanda mlima hadi kwenye pikapu yake, na safari yote hadi hospitali ya misheni, Kaplong, ndoano ikining'inia usoni.

Humo garini ndipo tulipozungumza. Mara ya kwanza.

"Nilikuwa nakuja tugombane," nikamwambia.

"Juu ya nini?"

"Unaingia majini karibu na mtu. Unapiga kelele. Unachukua mahali pake."

Akabadilisha gia kwenye kona. Kisha akasema, "Mwalimu, usikasirike. Mimi nimekuwa nikikuona wewe ndiye huna adabu."

"Mimi?"

"Wewe. Kule Nyeri nilikojifunzia, mtu anarusha mara chache halafu anasonga juu, mwenzake naye apate. Wewe unakalia shimo moja mpaka saa sita, na ndilo tu lina maji. Nakusalimia, hujibu. Nikasema basi, huyu mzee ananichukia kwa sababu ya kabila."

Nikatazama barabara. Shavu nalo lilikuwa linauma.

"Sikujua," nikasema.

"Hata mimi sikujua."

Daktari akaitoa ndoano, akashona. Jicho ni zima. Kariuki alingoja kwenye benchi muda wote, gambuti zake zikichuruzika maji sakafuni, mpaka mtu wa usafi akamgombeza.

Niliporudi nyumbani uso ulikuwa umevimba kama mkate. Mama Chebet akanitazama. Akanitazama tena. Akacheka. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini ni kicheko chake, kilekile cha zamani. Sijakisikia tangu augue. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa jicho moja.

Jumatatu, 30 Januari

Arap Sang amekuja na wanaume wengine, vijana wa huku. Walikaa sebuleni. Hawakutaka chai.

"Tumesikia amekudunga ndoano," Sang akasema. "Alikuvizia. Tuambie tu, Mwalimu. Wewe sema, sisi tutajua la kufanya."

Nilijua ni nini wangejua kufanya. Duka lile ni la mbao. Ana mke ndani, na watoto wadogo.

Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Kunyamaza kungekuwa rahisi sana. Nilitaka waondoke nikalale. Na wangeondoka, wakichukua kimya changu kuwa jibu, kama Sang alivyokichukua siku ile njiani.

Nikasimama. "Hakunivizia. Mimi ndiye nilimwendea kwa nyuma, kwa ugomvi. Yeye hakuniona. Akanipeleka Kaplong na gari lake. Mtu akimgusa, nitaenda kwa chifu na uso huu huu na nitataja majina."

"Unamtetea huyo?"

"Nasema kilichotokea."

Kijana mmoja akainamisha kichwa. Nilimfundisha, huyo. Sang akasimama, akaniambia nimezeeka. Wakatoka bila kuaga.

Baadaye nilimpelekea Mama Chebet uji, nikaumwaga kwenye blanketi. Alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Alishika kidole changu gumba kwa mkono wake mzima, akakataa kukiachilia.

Alhamisi, 2 Februari

Sang hakunisalimia kwenye kituo cha chai. Wengine walinisalimia. Nilipita mbele ya duka la Kariuki asubuhi, na tena mchana. Liko wazi. Alikuwa anapima misumari. Sikuingia.

Naogopa bado. Niandike hivyo.

Jumamosi, 4 Februari

Kariuki na mkewe Wanjiru wamekuja kuniona. Sukari, majani, unga. Kariuki amesikia habari za Jumatatu, sijui kwa nani. Alijaribu kunishukuru, akashindwa, akauliza mshono unaendeleaje.

Tukazungumza habari za mto, ndiyo ilikuwa rahisi. Nilimwambia kwa nini nakaa mahali pamoja: sina nguvu ya kuruka mawe, na ni asubuhi yangu pekee. Akaniambia kwa nini yeye anatembea: dukani anasimama nyuma ya kaunta wiki nzima. Hakuna aliyekuwa mbaya. Nimeshangaa jinsi hilo linavyochosha, kugundua umebeba chuki bure.

Wanjiru alikaa na Mama Chebet. Nilipochungulia alikuwa anamsuka nywele. Sikuwahi kufikiria nywele.

Jumamosi, 11 Februari

Wiki mbaya. Kikohozi cha Mama Chebet. Nimekuwa nikilala kwa vipande vipande.

Nilifika mtoni, nikachomeka fimbo kati ya mawe, nikaegemea gogo. Kariuki alikuja baadaye. Sikumbuki tulisema nini. Sikumbuki kulala.

Niliamka jua likiwa juu. Koti lake lilikuwa limenifunika miguu. Yeye ameketi ng'ambo, mikono mitupu, fimbo yake imelazwa kwenye nyasi. Yangu ilikuwa palepale. Uzi umelegea, chambo hakuna.

"Samaki alikula yako," akasema kwa sauti ya chini. "Mkubwa. Fimbo ilipinda mpaka ikagusa maji."

"Mbona hukumvuta?"

"Si uzi wangu."

"Basi ungeniamsha."

Akaokota fimbo yake kwenye nyasi.

"Ulikuwa umelala vizuri, Mwalimu."

Mawingu yalikuwa yanapanda upande wa Kericho. Nilikaa kidogo. Kisha nikamrudishia koti, nikaenda nyumbani kumpokea Chebet zamu ya mama yake.