Sababu ya Lince

Mpendwa Yuliana,

Nyati wako hajambo na mpunga umesimama vizuri. Mama yako bado amelala chumba cha kusini tangu alipofariki, na kwa mila yetu tutaendelea kumwita mgonjwa mpaka uje tumzike Julai. Lince humpelekea kahawa kila asubuhi.

Kuhusu huyo binti yako Lince, nimekasirika kwa ajili yake. Mtalii mmoja aliingia chumbani akampiga mama yako picha bila hata kumwamkia. Lince alikuwepo, akataka kumgombeza lakini Kiingereza kikamshinda. Tangu hapo alikazana na Kiingereza mpaka akachaguliwa kwenye shindano la hotuba.

Juzi mwalimu akawauliza kwa nini wanajifunza Kiingereza. Wenzake wakataja kazi za hoteli na kwenda Australia. Lince akasema, "Niwagombeze wanaomvunjia bibi heshima."

"We mtoto! Kiingereza ni cha kukaribisha wageni!" Mwalimu akamtoa shindanoni palepale.

"Babu, nimekosea nini?" akaniuliza huku analia. Nimefundisha maisha yangu yote, Yuliana. Mtoto hushika lugha akiwa na jambo linalomkaba kooni. Leo anaadhibiwa kwa kuwa nalo!

Jana wakaja watalii wengine. Lince akasimama mlangoni, akawaambia kwa Kiingereza, "Bibi yangu anaumwa. Mwamkieni kwanza." Mama mmoja kati yao akavua kofia, akainama, akamwamkia. Wakakaa nasi wakinywa kahawa mpaka jioni, na kamera hazikutoka mkobani.

Kesho nakwenda shuleni kumuuliza yule mwalimu ni nani aliyekaribisha wageni.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako,
Sesa Tandilangi