Aliyelisema Jambo la Moyo wa Ezio

Hammamet, 9 Novemba

Dada yangu Fiorenza,

Pokea salamu zangu, ingawa najua utaipokea barua hii kwa mshangao. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Aldo, bado anabishana na madaktari wake? Sisi huku tupo. Hali ya hewa ni nzuri na samaki ni wengi, lakini nyumba yetu haina raha.

Unakumbuka tulipohamia Tunisia baada ya Ezio kustaafu, ulituuliza nani atatutibu. Kweli, tulipohamisha makazi tulifutwa kwenye matibabu ya serikali huko Italia, ikabidi tukate bima ya wastaafu wanaoishi ugenini. Kwenye fomu palikuwa na swali kama kuna yeyote aliyewahi kuugua moyo. Niliyeshika kalamu ni mimi, na nikaandika hapana. Wewe unajua alivyopasuliwa kifua pale Rovigo.

Mwezi wa Juni kampuni ya bima ilituandikia. Walisema wamepata habari za upasuaji ule, kwa hiyo kuanzia siku hiyo hawatalipia chochote kinachohusu moyo wake. Niliisoma barua hiyo nimesimama jikoni, na swali langu la kwanza lilikuwa: nani kasema?

Kwanza nilimshuku Lotfi, wakala aliyetuuzia bima. Kila akija kunywa kahawa alimwuliza Ezio kama bado anapanda ngazi bila kuhema, nami nikaona anatuchimba. Kisha nikamgeukia Loredana, jirani yetu kutoka Bari, aliyeliona kovu la Ezio ufukweni akasema kwa kicheko, "Huyu naye kashonwa kama gunia." Nikaacha kumfungulia mlango. Hata daktari wa meno nilimtazama vibaya.

Jumatano iliyopita nilichoka, nikaenda ofisini kwa Lotfi. Nilimwambia sitoki hapo mpaka anitajie mmbea wake. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama Ornella, kaulize nyumbani kwako." Nilipokataa kuinuka, alifungua faili akanisogezea karatasi moja. Ulikuwa mwandiko wa Ezio. Alikuwa ameeleza kila kitu, mwaka, hospitali, mpaka jina la daktari.

Nilimkuta Ezio anaparua samaki. Nilimwuliza kwa nini, naye hakuacha kuparua. Alinikumbusha Bruno, rafiki yake aliyeanguka sokoni masika yaliyopita. Kampuni ilichimbua ugonjwa aliouficha ikakataa kulipa, na mkewe sasa anaishi kwa huruma ya watoto. "Mimi nikifa nimekufa," alisema. "Wewe ndiye ungebaki kujibu uongo wetu." Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ungenizuia." Ni kweli, ningemzuia.

Sasa, dada, nifike pale ninapopakwepa tangu nianze kuandika. Niliyemshuku kuliko wote ni wewe. Hukutaka tuhame, na kila ukipiga simu ulianza na moyo wa Ezio. Nikajiaminisha kwamba umeiandikia kampuni ili turudi. Ndiyo maana tangu Juni sijapokea simu yako hata moja. Ezio alipouliza, nilimwambia laini ni mbovu. Ulipompoteza paka wako ukaniachia ujumbe huku ukilia, niliusikiliza wote, kisha nikaufuta.

Sina la kujitetea. Nisamehe kama utaweza.

Ningependa kuishia hapo, lakini Jumamosi, siku tatu baadaye, Ezio alishikwa na maumivu ya kifua. Daktari wa hapa anasema mshipa mmoja unaziba na asikae muda mrefu bila kutibiwa. Bima haitalipia, na sisi hatuna uwezo huo. Tukirudi na kuandikishwa upya kama wakazi, atatibiwa nyumbani kama zamani, ila tunahitaji anwani ya kukaa. Nyumba yetu tuliiuza, nawe unajua hatuna mwingine.

Ezio hajui kama nakuomba. Anadhani nakuandikia kukusalimu tu, na ameniambia nikwambie anakukumbuka. Nitakupigia Jumapili saa nne asubuhi. Usipopokea nitaelewa, na sitakushuku neno.

Msalimie shemeji Aldo na wanao.

Mdogo wako,
Ornella