Picha Zimerudi Zote

Kwako mdogo wangu,

Hapa nyumbani tunaendelea, mimi na mama. Ile kompyuta uliyoiunda ili itunze picha za familia ilizima ghafla. Fundi aliifungua, akakuta madabodi imeungua, na dhamana yake ilikwisha zamani.

"Dada, hii imekula chumvi nyingi," alisema. "Kutengeneza nitatengeneza, ila tutazoeana kwa jinsi utakavyonirudia."

Nikaona heri tuweke kompyuta mpya. Diski zako zilikuwa salama. Alipoziunganisha, picha zikarudi zote.

Utakumbuka jinsi mama alivyolalamika kwamba picha zimefifia na nyuso hazitambuliki. Sote tuliilaumu kompyuta, mimi zaidi, labda kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kutengenezeka. Jana nilimfungulia picha ya mahafali yako kwenye televisheni. Ilikuwa angavu, hata mshono wa joho ulionekana.

"Kijana mtanashati," mama akasema. "Wa nani huyu?"

"Wako, mama. Kitindamimba wako."

Akacheka. "Huyo fundi wenu kawachezea. Picha bado mbovu."

Huenda ni macho, na tutamwona daktari. Lakini muda mfupi baadaye alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa jaribio la kwanza. Natamani niwe nimekosea, ila sithubutu kukuficha.

Kwa sasa usitume picha nyingine. Njoo wewe, akusikie ukimwita, angali anaijua sauti yako.

Ni mimi dada yako,
ninayekutazamia