Kitambaa cha Meza

Atlabara, Juba
Jumapili, 11 Februari 2024

Dancan, mume wangu mtoro,

Kama umevunjika mguu, sema nije. Kama una homa, sema. Kama ni mzima, niambie ni njia gani imefungwa kati ya Buluk na Atlabara, maana hata kuku wa jirani yetu Intisar huenda huko kuchakura na jioni akarudi. Wewe tangu Jumapili ya kwanza ya Januari hujaonekana. Simu unazima. Nimemwomba Immaculate, huyu mpangaji wangu anayefanya kazi benki, aniandikie, kwa sababu barua haina kitufe cha kuzima. Nimemwambia asinilainishie neno hata moja. Anachekacheka hapa, lakini anaandika.

Mimi ni mzima. Magoti yanalia na joto linatuchemsha kama viazi, lakini ninakula na ninalala. Mama yako Janet alipiga simu kutoka Kakamega kuuliza habari zako, nikamdanganya kwamba kazi ni nyingi. Dhambi hiyo ni yako, mimi nimekubebea tu.

Sasa nisikie. Ninajua kwa nini huji.

Unakumbuka ule unga ulioniletea kabla ya mwaka mpya. Ulisema, "Nyanya, huu ni mpasuko." Sikuuliza kitu. Nani huuliza? Gunia likipasuka mkishusha lori ghalani, ni la washushaji, ndiyo desturi yenu, na kanisa letu zima limepikia mafuta ya mpasuko, sukari ya mpasuko, maharagwe ya mpasuko. Nikakanda mkate wa Meza ya Bwana ya Jumapili ile ya kwanza ya Januari kwa unga huo. Miaka kumi na miwili ni mimi ninayeoka mkate huo. Na gunia lenyewe lilikuwa la kitambaa kizuri, jeupe. Nikalifua, nikalishona pindo, nikafunikia mkate. Likakaa mbele ya watu wote na maandishi yake juu, mimi nikidhani ni mapambo.

Jumanne Intisar, mke wa Jelle mwenye duka, alikuja kuchukua chapati. Akakiona kitambaa kwenye kamba. Akasoma, akarudi nyuma hatua moja. Nikamuuliza, "Umeona nyoka?" Akasema, "Mama Zilpah, usinikasirikie. Hapa pameandikwa unga huu ni wa jiko la wodi ya watoto waliokonda. Pameandikwa hauuzwi."

Dancan, Mwislamu ndiye aliyenisomea kitambaa cha Meza ya Bwana. Ninyi mliosoma, ninyi wa kwaya mstari wa mbele, mlikiona kwa macho yenu, mkayafumba, mkala. Wewe ulikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Nilikuona ukitoka jasho nikadhani ni malaria, nikakuchemshia mwarobaini. Mwarobaini wangu wa bure.

Unajua desturi yetu. Kabla ya Meza, kila mtu huenda kwa Mzee Philip kuungama na kutengeneza mambo yake, ndipo apewe kadi. Asiye na kadi hukaa benchi la nyuma akitazama wenzake wakila. Pasaka inakuja. Nataka tusimame wawili, mimi na wewe, tuseme. Njoo Jumapili. Nitakuchapa kwanza, halafu utakula.

Ni mimi mkeo wa kwanza,
Nyanya Zilpah


Buluk
17 Februari 2024

Nyanya mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini magoti yamepoa kidogo. Mimi sijaumwa, ila usingizi sina.

Ni kweli nilisoma. Nilisoma hata kabla, pale ghalani. Na nikuambie lile usilolijua, kwa sababu umeshaanza kukasirika na sioni faida ya kukukasirisha mara mbili. Magunia hayapasuki yenyewe. Tunavaa ndala zenye msumari kwenye kisigino. Ukishusha gunia unalikanyaga kidogo, basi, limekuwa letu. Lile lilikuwa la msumari wangu.

Nakuomba usisimame kanisani. Mzee Philip hana utani, atakunyang'anya mkate wa Meza, na wewe bila ule mkate utafanya nini Jumamosi? Acha watu wasahau. Kila mtu alikula, Nyanya. Mkisema, nani atabaki?

Mimi niacheni. Siku ile mkate ulinikwama kooni. Niliutemea kwenye leso yangu, nikaikunja. Bado ninayo. Siwezi kuutupa na siwezi kuula. Mtu wa namna hiyo hana kiti kwenye Meza.

Mjukuu wako,
Dancan


Atlabara
Jumatatu, 26 Februari 2024

Dancan,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu unastahili. Hujambo. Mimi sijambo. Khalas, salamu zimekwisha.

Nilisimama.

Jana, baada ya matangazo. Nilikipeleka kitambaa, nikakikunjua mbele yao. Nikasema, "Mimi sijui kusoma. Ninyi mnajua. Nani alisoma hiki Januari na akala?" Nikasema msumari ni wa mjukuu wangu, mkate ni wangu, na watoto walionyang'anywa uji siwajui hata majina. Ndiyo, nimekutaja. Ulitaka nimtaje nani, Farao?

Mzee Philip akavua miwani. Akasema, "Mama Zilpah, kuanzia leo hutagusa mkate. Na kila aliyekula najisi huku anajua atakaa benchi la nyuma mwaka mzima." Nikasema sawa. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyuma, nikakaa.

Basi akainuka mwalimu wa kwaya, akaja kukaa karibu nami. Akaja yule dada wa hoteli. Wakaja wazee wawili. Benchi likajaa, watu wakaanza kukaa sakafuni, na kule mbele viti vikabaki kama meno ya bibi kizee. Akabaki Philip na mkewe tu. Mke akamwangalia mumewe, akasema kwa sauti, mwanamke ambaye hajawahi kusema kitu kanisani, "Baba, yale mafuta niliyokukaangia samaki Krismasi, ulifikiri yalianguka kutoka mbinguni?" Akaja nyuma naye.

Philip akasimama peke yake kule mbele. Akafunga kitabu chake. Akasema, "Basi mwaka huu hakuna Pasaka." Akatoka kupitia mlango wa pembeni.

Watu wakaanza kulia. Nikakasirika zaidi. Nikawaambia, toba ya kulia haimshibishi mtoto. Yeyote aliyekula mpasuko aje kwangu kesho asubuhi na unga alioununua dukani kwa pesa yake mwenyewe, usiopasuliwa na mtu.

Wamekuja leo, Dancan. Wengine kwa sufuria, wengine kwa ndoo, mmoja kwa mfuko wa laptopu. Jelle na Intisar wametuletea gunia zima, nikawaambia ninyi hamkukosa, Intisar akasema, "Wala wale watoto."

Tumepeleka wodini. Mpishi wao ni mama mmoja mrefu, anaitwa Alek, mikono kama milango. Nikamweleza yote. Mwishoni nikaongeza malesh, hilo neno la Juba la kuomba radhi ambalo mtu akikukanyaga anasema, akikuibia anasema. Akaniambia, "Usiniletee malesh. Krismasi nilikoroga maji na chumvi siku tano, na mama zao wakinitazama." Sikumuuliza kilichotokea katika siku hizo tano. Sote wawili tunajua kwa nini.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiboko. Badala yake akatazama ule unga, akatazama mikono yangu, akauliza, "Nani kati yenu anajua chapati laini, ambayo mtoto asiye na nguvu ataweza kuitafuna?"

Nikanyoosha mkono, mimi ambaye sijawahi kukaa darasani.

Kwa hiyo usinihurumie. Jumamosi zangu zimepata kazi. Mikono iliyonyimwa Meza imeitwa na wodi, na bado sielewi Mungu alikuwa anafikiri nini. Kama ningekuwa yeye ningetuchapa kwanza.

Wewe unakaa Buluk na leso. Unafikiri dhambi yako ni kubwa kuliko ya kanisa zima? Hiyo si toba, mume wangu, hiyo ni majivuno yaliyovaa matambara.

Njoo.

Nyanya yako


Buluk
Jumatatu, 18 Machi 2024

Nyanya mpendwa,

Salamu kwako, kwa Immaculate na kwa jirani zako. Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika.

Nilimwendea mwenye ghala nikamwambia habari ya misumari. Nilimwonyesha ndala yangu. Alinifukuza papo hapo. Marvin, mkubwa wetu wa kushusha, ameniita msaliti na amesema nisipite karibu yake. Lakini jana wawili kati ya wenzetu walikuja chumbani kwangu kuomba koleo, wakang'oa yao. Walikunywa chai wakaenda.

Nimeona nirudi nyumbani Kakamega. Kuna basi la Nimule, la kupitia mpakani, Jumatatu ya Pasaka, tarehe moja. Kazi sina, na kadi ya Meza sina, na hata Meza yenyewe nasikia haipo kwa sababu yangu. Nitamwambia Mama ukweli, usiendelee kunidanganyia.

Nisamehe kwamba siji kukuaga. Nikija utanipa chakula, na hapo nitashindwa.

Dancan wako


Atlabara
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024, saa kumi jioni

Dancan,

Immaculate ameacha sufuria ya wali jikoni ili aandike hii, na mwenye boda yuko nje anapiga honi. Kwa hiyo salamu utachukua utakapofika. Hali yangu utaiona kwa macho.

Leo Mzee Philip alikuja na lile sanduku la kadi. Akalifungua, akaligeuza juu chini mbele yetu. Tupu. Akasema amekaa mwezi mzima akijaribu kuandika jina moja la mtu aliye safi na kalamu imekataa, kuanzia na jina lake. Akasema kanuni inasema tungoje mwaka. Halafu akapiga magoti pale kwenye simenti, na ujue magoti yake ni mabaya kuliko yangu. Akaomba hivi, nimemwambia Immaculate aandike neno kwa neno: "Bwana, hawa hawajaoga. Wamekuja hivyo hivyo walivyo, kwa sababu wamekutaka. Kama ni kupiga, anza na mimi niliyeshika kadi. Kama ni kusamehe, anza na wale wa nyuma."

Akainuka, akachukua sahani, akapita viti vyote vya mbele bila kusimama. Akaanza na benchi la nyuma. Akaanza na mimi.

Mkate aliuoka mkewe. Mgumu kama kigae. Niliutafuna kwa hasira, nikimtazama kila aliyekula, nikingoja nani ataanguka. Hakuanguka mtu. Waliimba mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Na yule mpishi Alek, aliyekuwa na haki ya kutulaani, alikuwa ameketi katikati yetu akila. Nilimkasirikia Mungu, Dancan, nakuambia kweli. Nilimwambia, wewe ni mwepesi mno, sisi hatungekusamehe hivi. Kisha nikalia, na sitaki neno juu ya hilo.

Sasa, Immaculate alikuona. Ulisimama nje ya ua wa kanisa na shati lile la bluu, umeshika vijiti vya ua kama mtu wa jela, mpaka wimbo wa mwisho. Philip naye alikuona. Alitoka na sahani mkononi, akakuta umeshaondoka. Mzee wa watu alikimbia mpaka barabarani, na sahani ya Bwana juu kama mwenye kuuza karanga. Alirudi anahema. Akaniambia, "Kipande kimoja kimebaki, Mama, na najua ni cha nani."

Basi la Nimule lina abiria wa kutosha. Likuache.

Kesho asubuhi, saa moja, njoo kwenye lango la wodi. Lori la unga linaingia, na Alek hana mtu mwenye mgongo. Ng'oa huo msumari kabla hujatoka nyumbani. Beba kila gunia kutoka lango mpaka jikoni, liingie zima kama lilivyoshonwa. Mama za wale watoto watakutazama, nawe watazame. Ukimaliza tutakwenda kwa Philip, mimi na wewe, kwa miguu.

Na hiyo leso uje nayo. Usiifue. Nitaifua mimi.

Nyanya yako,
Zilpah