Saa Isiyotaka Kushuka Majini

4 Machi

Dada yangu, shikamoo. Hujambo? Shemeji mgongo umepoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Naandika kwa sababu kwenye simu ukianza maswali sipati pa kuchomeka jibu.

Ile saa yangu ya kuzamia, kompyuta inayonihesabia kina na muda na kuniambia lini nipande, inazimika. Naweka betri mpya, haiwaki. Bila saa, bosi hamruhusu mtu kushuka kusugua matumbo ya meli, na ana haki. Mwenzangu Mcheshi alipanda haraka mno kutoka kilindini mwezi uliopita, hewa ikamharibu mwilini, mpaka leo yuko hospitali na miguu haimtii. Wewe ndiye fundi saa wa ukoo. Nifanyeje?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo umepoa, mdomo bado. Masikini Mcheshi, mfikishie pole zangu.

Sasa sikiliza, usinikatize. Fungua kifuniko cha betri. Ukiona kutu ya kijani kwenye springi, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, sugua taratibu, ufute, ukaushe. Ivute springi kidogo iiguse betri. Mpira wa kuzuia maji utazame usiwe na mchanga au unywele. Na usishike betri kwa vidole vya mafuta, nakujua na karanga zako! Vile vichuma viwili vya nje, vinavyoiambia saa kwamba imelowa, visugue kwa mswaki. Ikikataa, mpe dereva wa vifurushi aniletee.

Dada yako

27 Machi

Mdogo wangu, salamu nyingi. Unalala vizuri? Saa imefika na kijibarua chako cha mistari miwili, eti umefanya yote na imekataa. Nimechanganyikiwa. Betri nimeipima, imejaa. Springi inang'aa. Kumbe chini kabisa, pale betri inapogusa, pana kipande cha selotepu! Kimekatwa duara, kimebandikwa kwa ustadi. Nimekibandua, saa ikawaka. Nimeitumbukiza kwenye ndoo, ikaanza kuhesabu.

Nani anakuchezea? Kikulacho ki nguoni mwako. Huko kazini kuna mtu anataka nafasi yako, kama si roho yako. Nakurudishia na dereva. Lala nayo chini ya mto, asiiguse mtu, hata awe rafiki.

Dada yako

9 Aprili

Dada, shikamoo. Natumai mko salama. Nimelala nayo chini ya mto kama ulivyosema. Hajaigusa mtu. Asubuhi ya kushuka imezimika tena. Bosi amekuna kichwa, na mimi nimekuna changu.

Sielewi, dada. Nikivaa tu miwani ya maji moyo unaenda mbio, jasho baridi linanitoka na bado sijalowa. Labda jasho ndilo linaloiharibu. Nakutumia tena. Ila usimlaumu mtu huku, ni watu wazuri.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu, hujambo? Kula unakula? Nimeifungua. Selotepu vile vile, duara vile vile. Nimekaa dukani na kale kaduara kidoleni, wateja wananisemesha wala siwasikii. Hajaigusa mtu mwingine, umesema mwenyewe.

Basi, sikuulizi kitu. Nimemwandikia bosi wako kwamba mimi fundi nimeshindwa, saa imekufa, haitengenezeki, na kama hana nyingine akuache uje nyumbani. Chumba chako nimeshafagia.

Dada yako

29 Aprili

Dada, shikamoo. Habari za huko? Bosi amesoma barua yako, akafurahi. Anasema fundi anayekubali kwamba ameshindwa ni adimu siku hizi. Amenunua saa mpya. Kifuniko cha betri hakifunguki ila kwa kifaa chake, na kifaa anakaa nacho yeye. Inawaka hata ukiitemea mate. Jumatatu nashuka.

Asante kwa kujaribu. Msalimie shemeji.

Mdogo wako

1 Mei

Salamu baadaye. Simu hupokei, kwa hiyo nimemwambia dereva asilale njiani.

Usishuke. Nilidhani nakuokoa, kumbe nimekusukuma. Nenda kwa bosi umwambie unaogopa. Usitaje betri wala springi, mwambie unaogopa, basi. Akicheka, na acheke mpaka mbavu zimuume. Mimi nakutaka mzima, hata urudi mikono mitupu. Nakupenda, mjinga wewe.

Dada yako

16 Mei

Dada yangu, shikamoo. Najua umehangaika siku zote hizi, nisamehe. Kila nikishika kalamu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Barua yako ilinikuta nimeshavaa, mguu mmoja ngazini. Niliisoma pale pale. Nikasema, "Bosi, naogopa." Nilidhani nimesema kwa sauti ndogo, kumbe wamesikia wote. Hakucheka mtu. Bosi akasema, "Hata mimi. Kwani unadhani nilikimbilia ubosi kwa nini?"

Saa akavalishwa mzee mmoja wa kikosi chetu, mimi nikapewa kazi ya kushika kamba yake juu. Mzee akaninyooshea mkono, akaniuliza, "Iko sawa?" Niliikagua mara mbili tatu, nikamwambia iko sawa. Akashuka.

Kumbe huku juu ndiko kubaya, dada. Nilishika kamba mpaka viganja vikachubuka, natazama maji, sioni kitu. Kichwa chake kilipotokea nililia mbele za watu, bila aibu. Sijui kama nitazama tena. Sijui hata mimi ni nani nisipozama. Lakini sasa najua ulivyokuwa ukikaa hapo dukani, miaka yote hii, kila niliposhuka.

Mdogo wako